Kabla Hujanunua Fargo ya Kutazama Nyumbani

Fargo ni filamu ambayo ukiipata katika toleo baya haichekeshi kabisa. Nasema hivi kwa sababu kila ikikaribia Desemba, watu wanapofunga mizigo kwenda kwetu Kenya, hakosi mtu wa kunipigia simu aniulize ampelekee ndugu yake filamu gani ya huku Minnesota, Marekani. Jibu langu ni hilo moja siku zote. Kisha maswali yanaanza: DVD au Blu-ray? Mpya au ya mtumba? Itakubali kwenye deki ya Mombasa? Nimechoka kueleza kwa simu huku naendesha gari kwenye barafu, basi nayaweka hapa yote.

Kwa ambaye hajaiona: Jerry Lundegaard anauza magari Minneapolis, kwenye duka la baba mkwe wake. Madeni yamemfika shingoni. Anawakodi wahuni wawili wamteke nyara mkewe, Jean, ili mzee, ambaye ana hela na mkono mgumu, atoe fidia. Wale wahuni anawaambia fidia itakuwa dola 80,000, nusu yao nusu yake. Mzee naye anaambiwa na Jerry kwamba watekaji wanataka dola milioni 1. Hesabu iliyobaki katikati umeshaiona. Mambo yanachafuka usiku wa kwanza tu, barabarani, na anayekuja kuyafuatilia ni Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Brainerd, ana mimba ya miezi saba na hamu ya kula isiyoisha.

Waliotengeneza ni ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, waliokulia St. Louis Park, kitongoji cha hapa hapa Minneapolis. Ilitoka Machi 1996 kwa bajeti ya dola milioni 7 hivi, pesa ndogo kwa Hollywood. Mwaka uliofuata ilibeba tuzo sita za Independent Spirit, zile za filamu huru, na Oscar mbili: moja ya Frances McDormand aliyecheza Marge, nyingine ya hadithi waliyoiandika ndugu hao.

Sasa, kwa nini toleo? Filamu ya ngumi unaweza kuitazama kwenye kibanda cha video, picha imefifia, dijei anaitafsiri juu ya sauti na kuongeza chumvi yake, na bado ukatoka umefurahi. Hii haivumilii hivyo. Kicheko chake kimekaa ndani ya upana wa picha, ndani ya kimya, na ndani ya namna watu wanavyozungumza. Ukipunguza kimojawapo unabaki na habari ya mauaji tu.

Chukua pale Jerry anapotoka ofisini kwa mkwe wake, baada ya mzee kumpokonya mpango wa biashara aliokuwa akiutegemea. Kamera iko juu kabisa. Uwanja wa magari wote ni mweupe, kuna gari moja na alama za matairi, na Jerry anaonekana kama sisimizi aliyepotea kwenye sahani ya wali. Anafika kwenye gari, anaanza kukwarua barafu kwenye kioo, hasira zinampanda, anatupa kikwaruzo, anapigapiga. Halafu anakiokota na kuendelea kukwarua. Sisi tunaoishi huku tunakijua kikwaruzo kile. Kipo kwenye gari la kila mmoja wetu, na sijui Mkenya wa Brooklyn Park hapa Minnesota ambaye hajawahi kukikasirikia saa kumi na moja alfajiri akienda zamu. Lakini hata kwa aliye Likoni asiyewahi kugusa theluji tukio lile linachekesha, mradi aone ule weupe wote. Picha ilipigwa na Roger Deakins kwa umbo pana, 1.85 kwa 1, yaani upana ni mara 1.85 ya kimo. Ukiibana iingie kwenye skrini ya zamani ya 1.33 kwa kukata pembeni, zaidi ya robo ya picha inapotea. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta nyuma ya kasha, kabla hata ya bei, ni maneno yanayosema picha ni pana.

Kanda za VHS pia sizipendekezi, hata ile ya 1996 inayotafutwa sana na wakusanyaji, iliyouzwa pamoja na tufe la kioo lenye maji ambalo ukilitikisa theluji ya bandia inapepea juu ya tukio la filamu. Ni pambo zuri la rafuni. Ukilitaka kwa hilo, nunua, ila ulibebe mkononi mwenyewe, usilichanganye na viatu kwenye begi. Kutazama ni jambo jingine.

DVD ninayowaambia watu watafute ni toleo maalumu la MGM la 2003. Ndani yake kuna maelezo ya Deakins mwenyewe yanayokwenda sambamba na filamu, na makala fupi ya video iitwayo Minnesota Nice inayoeleza ilivyotengenezwa. Majira yale ya baridi yalikuwa na theluji haba, ikawabidi wapande kaskazini, hadi North Dakota, kuifuata. Ukiwa na deki ya Blu-ray, ipo ya 2009 na ipo iliyosafishwa upya ya 2014. Tena 2023 kampuni ya Shout! ikatoa ya 4K, yenye picha kali zaidi. Mimi ninayo ya 2014 na sioni haja ya kuongeza nyingine, lakini televisheni yangu si kubwa.

Tuje kwenye kusafirisha, maana hapa ndipo simu zinapokuwa nyingi. DVD zina kanda za dunia, yaani kila eneo la dunia limepewa namba yake, na diski na deki huwekewa namba hiyo. Marekani ni kanda ya 1. Kenya, Tanzania, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ziko kanda ya 5, pamoja na India na Urusi. Afrika Kusini wao wamewekwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya, usiniulize kwa nini. Deki inayofuata sheria itaikataa diski ya Marekani. Bahati ni kwamba deki nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwetu hazijali kanda, zinacheza chochote utakachoziwekea. Mwambie ndugu yako ajaribu kwanza na diski yoyote iliyotoka Marekani kabla hujatuma. Blu-ray ziko kali zaidi: Marekani ni A, Afrika na Ulaya ni B, na deki ya B mara nyingi haina huruma. Diski za 4K hazina kanda, hilo ni jambo jema kwao, ila diski ya kawaida ya Blu-ray inayowekwa ndani ya kasha hilo hilo inaweza kuwa nayo.

Kama una jamaa London, kuna wazo la kumtuma yeye, kwa kuwa Uingereza wanatumia mfumo wa picha za televisheni uitwao PAL kama kwetu. Kwa Blu-ray, sawa, mtume. Kwa DVD ningefikiri tena. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na PAL inaziendesha 25, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kasi kwa asilimia 4. Fargo yenye dakika 98 inakuwa dakika 94, na sauti za watu zinapanda karibu nusu toni. Katika filamu nyingine hutagundua. Hapa, ambapo mhuni mmoja anaendesha gari safari nzima bila kumjibu mwenzake neno, mwenzake anapayuka mpaka anachoka, zile dakika nne ni kimya tulichokilipia. DVD ya Marekani ni ya mfumo wao wenyewe, NTSC, na televisheni bapa za sasa zinaipokea bila shida. Zile za chogo ndizo zinazoweza kukuonyesha picha nyeusi na nyeupe inayorukaruka.

Ukiamua kutuma na deki kabisa, igeuze usome maandishi ya umeme. Iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi Kenya kwa kubadilisha plagi tu. Iliyoandikwa 120V peke yake iache huku.

Mtaniuliza kwa nini nihangaike na diski wakati kuna intaneti. Kwa sababu filamu kwenye majukwaa inahama, mwezi huu iko hapa, mwezi ujao haipo, na huko nyumbani data ni ghali. Halafu kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wageni tukipita Richfield, kitongoji cha Minneapolis. Sehemu za duka la magari la Gustafson, yule baba mkwe wa Jerry, zilipigwa kwenye duka la Oldsmobile la hapo. Duka halipo tena. Pamejengwa makao makuu ya Best Buy, kampuni iliyouza diski kuliko ninavyoweza kueleza, na ambayo Oktoba 2023 ilitangaza kuwa inaacha kuziuza. Netflix nao walikuwa wameacha kutuma DVD kwa posta mwezi mmoja kabla. Kwa hiyo siku hizi pa kutafuta ni maduka ya mitumba, ambako DVD huuzwa dola moja au mbili, na siku ambazo maktaba zinauza vitu vyao vya zamani. Inamishe diski kwenye mwanga: mikwaruzo myembamba haina neno, ila mkwaruzo unaozunguka kufuata duara, au madoa kama ya kutu ndani ya plastiki, rudisha rafuni.

Washa maandishi ya chini ya Kiingereza, hata kama Kiingereza chako ni cha kujivunia. Wazungumzaji wa filamu hii wana lafudhi ya watu waliotokana na wahamiaji wa Skandinavia, na nusu ya utani uko kwenye heshima yao. Huku mtu hakuambii hapana usoni. Atatabasamu, atasifu hali ya hewa, ataondoka, na wewe utabaki unangoja. Mtu wa pwani analielewa hilo haraka kuliko Wamarekani wa New York. Toleo lenye maandishi ya Kiswahili sijaliona.

La mwisho ni wa kutazama naye, na hapa naomba usinipuuze. Si ya watoto. Ina damu, matusi na kitanda. Na si ya kila mkubwa. Jean anatekwa asubuhi, akiwa anafuma mbele ya televisheni. Mtu aliyefunika uso anakuja mpaka kwenye mlango wa kioo akiwa na mtaimbo, na yule mama anabaki kumtazama tu, kwa sababu akili haijakubali. Muda si mrefu anakimbia amejifunga pazia la bafu na kuanguka ngazini. Sebuleni kwangu watu hucheka hapo. Baadaye wanamfikisha kwenye nyumba ya mafichoni, kichwa kimefunikwa, mikono imefungwa, naye anajaribu kukimbia bila kuona, anazunguka kwenye theluji. Yule mhuni msemaji anacheka sana. Na pale sebule hunyamaza, kwa sababu mtekaji ametutangulia kucheka. Kwangu mimi hilo ndilo tukio linaloibeba filamu nzima, lakini kuna wageni ambao huinuka na kwenda jikoni kuangalia chai ambayo haijawekwa motoni. Tangu maandamano ya Juni 2024 Kenya, na kwa yaliyotokea Tanzania pia, zipo nyumba ambazo kutekwa si hadithi. Uliza kabla hujaweka diski. Sema wazi kwamba ni filamu ya mke anayetekwa kwa amri ya mumewe, na kwamba inachekesha, na umwache mtu achague.

Wale watakaobaki usiwaharibie maandishi ya mwanzo. Yanasema hii ni habari ya kweli, iliyotokea Minnesota mwaka 1987, na kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika. Mtu akikuuliza katikati kama ni kweli, mwambie atulie. Majina ya mwisho yanapopita usizime; acha yafike hadi chini, kwenye ile sentensi ya wanasheria inayosema wahusika wote ni wa kubuni, kisha umwachie mwenye swali rimoti.