Kipimo cha kushika chuma, qi na umeme wa mwili: jibu kwa aliyeuliza kuhusu figo za mama yake

Ndugu mleta mada, pole kwa hali ya mama. Umeeleza kwamba alikwenda kwa wauza virutubisho kwa sababu ya maumivu ya mgongo, akashikishwa kipande cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache akapewa ripoti ya kurasa nyingi inayosema qi (nguvu ya uhai katika tiba ya Kichina) ya figo zake imepungua, kisha akauziwa kopo la unga wa mitishamba. Umeuliza mambo mawili: ikiwa biofizikia yenyewe inakubali kwamba mwili una umeme, kwa nini tusiamini kwamba mashine ile inausoma; na je, tiba ya asili ya Kichina ina msingi wowote? Kazi yangu ni kutunza na kutengeneza vifaa tiba hospitalini, na fani hiyo niliisomea China, katika chuo kilichokuwa pia na idara ya tiba ya asili, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Umeme wa mwili ni jambo la kweli, tena ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Utando wa seli ya neva una unene wa takriban nanomita 5, na tofauti ya volti kati ya ndani na nje yake ni kama milivolti 70. Ukigawanya, unapata volti milioni 14 kwa mita, ilhali hewa ya kawaida hutoa cheche ikifikia volti milioni 3 hivi kwa mita. Hali hiyo haijitunzi yenyewe. Inatunzwa na pampu za sodiamu na potasiamu zinazotumia chakula tulichokula, na mwili wa mtu mzima aliyepumzika hutumia wati 80 hadi 100 usiku na mchana ili usirudi kwenye utulivu wa kitu kisicho na uhai. Mwanafizikia Erwin Schrödinger alilizungumzia suala hili katika mihadhara yake ya Dublin mwaka 1943, na Ilya Prigogine alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977 kwa kuonyesha jinsi mpangilio unavyoweza kuzaliwa na kudumu mahali ambapo nishati inapita bila kukoma. Waganga wa China waliotunga mafundisho ya Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nao waliutazama uhai kama mtiririko, na hawakukitazama kiungo bila kuuliza habari za usingizi, chakula, majira na viungo vingine. Ninauheshimu sana mtazamo huo. Hata hivyo, kufanana kwa maswali hakuthibitishi kifaa chochote, na hapo ndipo wauzaji wanapowapoteza watu.

Tazama inavyotulazimu kufanya ili tuupate umeme wa moyo, ambao ni miongoni mwa ule wenye nguvu zaidi unaofika juu ya ngozi. Unafika ukiwa na takriban milivolti 1 tu. Ule wa ubongo ni makumi ya maikrovolti. Tunabandika elektrodi (vipande vya kunasa umeme) 10 kifuani na kwenye mikono na miguu, tunapaka jeli, tunachuja mwingilio wa umeme wa ukutani wa hezi 50, na bado mgonjwa akitetemeka kwa baridi picha inaharibika. Elektrodi zinakuwa nyingi kwa sababu sehemu moja haiwezi kukuambia ishara imetoka upande gani. Sumaku ya moyo ni dhaifu zaidi, takriban mara milioni moja kuliko ya dunia, na David Cohen alipoipima kwa usahihi katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1970 alihitaji chumba maalumu kilichozuia sumaku ya nje na kihisio kinachofanya kazi katika baridi kali mno. Figo, ini na kongosho havina ishara ya umeme inayojulikana ambayo inaweza kusomwa kutoka kiganjani.

Sasa chuma kile kinapima nini? Kinachoweza kupimika pale ni ukinzani wa ngozi ya kiganja, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, nao hutegemea jasho, joto na nguvu ya kushika. Niliwahi kuletewa mashine ya aina hiyo niikague, nikakifunga chuma chake kwa kitambaa kilicholowa, bila mtu kukigusa, na ripoti ikatoka kamili, ikitaja ini, figo na mifupa. Nilipobadilisha umri na jinsia vinavyojazwa kabla ya kipimo, magonjwa nayo yakabadilika. Haiwezekani kitambaa kiwe na upungufu wa qi ya figo, na mama yako hakustahili kutiwa hofu na kifaa hicho.

Kipimo cha ngozi kina historia yake ya heshima. Kuanzia mwaka 1950, Yoshio Nakatani wa Japani alichora njia za ngozi zenye ukinzani mdogo, akaziona zinakaribiana na njia ambazo tiba ya Kichina husema qi hupitia mwilini. Tulipokuwa chuoni tulijaribu kupima hivyo hivyo, na tukaona kwamba kukandamiza elektrodi kidogo zaidi, au kuirudisha mahali pale pale, hubadilisha kipimo kuliko tofauti iliyopo kati ya nukta ya kuchoma sindano za Kichina (akupancha) na ngozi ya jirani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 nayo hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuithibitisha tofauti hiyo.

Kuhusu sindano, habari ni njema zaidi. Mtafiti Helene Langevin alionyesha kwamba sindano ikizungushwa, nyuzi za kolajeni huizonga na kuvuta seli za tishu zilizo karibu. Mwaka 2010, maabara ya Maiken Nedergaard iliona adenosini, kemikali ya mwili inayoweza kutuliza maumivu, ikipanda sana kwenye mguu wa panya aliyechomwa nukta ya Zusanli, chini ya goti, na panya wasio na kipokezi cha adenosini hawakupata nafuu ya maumivu. Utafiti ulionivutia kuliko yote ni wa Qiufu Ma na wenzake, wa mwaka 2021: umeme mdogo kwenye mguu wa nyuma wa panya ulipunguza uvimbe wa ndani kwa kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya ndani, hadi tezi za adrenali zilizo juu ya figo, lakini ule wa tumboni haukufanya hivyo, kwa sababu neva za aina inayohitajika zimo mguuni na tumboni hazimo. Kwa hiyo mahali pa kuchoma panaweza kuwa na maana, na sababu yake inaonekana kwa darubini. Kwa upande wa pili, jaribio la Ujerumani la mwaka 2007, lililohusisha wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo, lilikuta nafuu kwa asilimia 47.6 ya waliochomwa kwenye nukta za Kichina, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu nje ya nukta hizo, na asilimia 27.4 tu ya waliopata tiba ya kawaida. Mimi nasoma hivi: kuchomwa na kuhudumiwa kunasaidia mgongo, lakini ramani ya nukta haina uzito tuliofundishwa kuipa.

Dawa za mitishamba ni suala jingine, na hapo usikubali jibu la jumla. Dawa mseto ya malaria tunayoitumia inatokana na kazi ya Tu Youyou, ambaye maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 yalimpa wazo la kuutoa mmea wa qinghao kiini chake bila joto kali. Alipata Nobel mwaka 2015 kwa sababu alijaribu, akapima, akatenga kemikali yenyewe. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya watu 100 waliharibika figo baada ya kupewa vidonge vya kupunguza unene ambamo mzizi mmoja wa Kichina ulikuwa umewekwa kimakosa badala ya mwingine, nao ulikuwa na asidi ya aristoloki, ambayo ni sumu kwa figo. Wengi wao walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo.

Kwa sababu hiyo, mama asiguse tena unga ule kwa sasa. Mpeleke hospitali apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), mkojo, shinikizo la damu na, daktari akiona inafaa, ultrasaundi ya figo. Na mwende na kopo lenyewe, si jina lake tu. Figo zikikutwa salama na mgongo ukiendelea kuuma, sioni ubaya akichomwa sindano na mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mradi sindano ziwe za kutumika mara moja, na mama aseme mapema kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Majibu ya kreatinini yakitoka, yaandike hapa pamoja na umri wake, tuyatazame kwa pamoja.