Soketi imepasuka, duka linakataa kubadilisha

Swali: Fundi, shikamoo. Natengeneza injini za mitumbwi hapa Nansio. Mwaka jana nilinunua seti ya spana za soketi kwenye duka moja mjini Mwanza, na juu ya kasha imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ina waranti ya maisha. Sasa soketi namba 17 imepasuka ubavuni, na racheti, yaani mpini wa kuzungushia soketi, inateleza nikikaza. Nilivuka nazo mpaka dukani. Wakasema soketi nimeiharibu mwenyewe, hawabadilishi. Racheti watanitengenezea, mpya hawanipi. Je, wananionea?

Jibu: Marahaba. Kwenye racheti hawakuonei. Kwenye soketi inategemea mpasuko unavyoonekana, na huo unaweza kuukagua mwenyewe kabla ya kulipa nauli nyingine ya meli.

Nimekaa miaka mingi kwenye kaunta ya vifaa hapa Nyakato nikipokea vilivyovunjika, na ugomvi karibu wote huanzia kwenye neno "maisha". Mteja anaelewa kwamba chochote kikitokea anapewa kipya. Watengenezaji wengi wanamaanisha kitu chembamba zaidi: ubovu wa chuma au wa utengenezaji, kwa muda wote ambao kifaa hicho kingetarajiwa kutumika. Kuchakaa hakumo. Kutumia kifaa kwa kazi isiyo yake hakumo. Ndiyo maana bisibisi iliyopinda kwa kubandulia mbao za mtumbwi hurudi na mwenyewe, hata awe mteja wetu wa siku zote.

Sasa chukua soketi yako, ifute mafuta, uitazame juani. Kwanza angalia umbo. Tundu la mraba limepindika? Mdomo umepanuka? Kuna alama za nyundo kichwani? Hizo zinasema nguvu ilizidi. Tuongee wazi kuhusu lile bomba ambalo kila gereji inalo. Ukivuta kwa uzito wa kilo 40 kwenye mpini wa sentimita 25, unapata nguvu ya kukaza ya takriban nyutonimita 100. Chomeka bomba ushike mita 1 kutoka kwenye nati, mvuto uleule unatoa takriban 400. Na mafundi wengi hawavuti, wanapanda juu. Hali ni hiyohiyo kwa soketi inayong'aa ikifungwa kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati: mashine hiyo ina soketi zake nyeusi, ambazo chuma chake kimeandaliwa kuhimili kugongwagongwa. Ile ya kung'aa ni ngumu zaidi, hupasuka, na mwenye duka yuko sahihi kuikataa.

Kama umbo ni zima, angalia uso wa mpasuko wenyewe. Ukiwa wote unang'aa na una chembechembe kama sukari, ilivunjika kwa mara moja. Ukiona sehemu nyeusi yenye mafuta au kutu iliyoingia ndani, halafu pembeni yake sehemu inayong'aa, basi ufa ulikuwepo zamani na siku ile ulimalizikia tu. Hapo tafuta ulipoanzia. Ukianzia kwenye kona ya ndani ya soketi ya pembe kumi na mbili, kuna uwezekano mkubwa ulikuwa unafungua nati zilizolika, na hoja yako inapungua nguvu. Ukianzia kwenye namba iliyogongwa ubavuni, au kwenye kitundu au mkunjo ndani ya chuma, huo ni ubovu wa kiwandani, dai lako lina miguu. Na soketi iliyopasuka kwa kazi ya kawaida bila kupinda hata kidogo mara nyingi ilichomwa vibaya kiwandani ikawa ngumu kupita kiasi. Mwambie fundi wa duka aipitishe tupa mpya kwenye uso wa mpasuko, siyo juu ya kromu. Tupa ikiteleza bila kuuma kabisa, chuma ni kigumu mno.

Lakini wewe usiipige tupa nyumbani, wala usiisage, na tafadhali usiipeleke kwa mchomeleaji. Ikishapata rangi ya bluu ya moto, hakuna duka litakalokusikiliza, na mimi pia nisingekusikiliza.

Racheti ni habari nyingine. Ndani yake kuna gia, ulimi unaoshika meno ya gia, na springi, na vitu hivyo huliwa na kazi. Hata watengenezaji wakubwa hubadilisha vya ndani na kukurudishia mpini wako uleule. Kubali, ila uliza kama gia na ulimi vyote ni vipya. Ulimi mpya kwenye gia iliyolika utateleza tena. Kabla ya hapo ifungue uioshe kwa dizeli. Grisi nzito iliyochanganyika na mchanga wa ufukweni hufanya ulimi usirudi kwenye nafasi yake, na racheti za meno 72 ambazo meno yake ni madogo huathirika upesi kuliko za meno 24. Weka mafuta mepesi, ijaribu. Huenda haijavunjika.

Najua kuna video za Marekani zinazoonyesha mtu akiingia dukani na spana iliyovunjika, hana risiti, akatoka na mpya. Ni kweli, Sears, kampuni ya maduka ya huko, walijenga jina la vifaa vyao vya Craftsman kwa ahadi ya namna hiyo. Lakini ahadi ile ilisimama kwa sababu muuzaji na mwenye jina alikuwa mmoja. Kwako aliyeandika "maisha" kwenye kasha ni mtengenezaji wa mbali, na duka la Mwanza linaweza kuwa limenunua mzigo kwa jumla bila kuwa wakala wake. Waulize waziwazi: ninyi ni wakala, au mna waranti yenu wenyewe? Kama ni yao, iwe imeandikwa.

Hata pasipo waranti hujabaki mikono mitupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika, na malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Kwa soketi moja mimi nisingefika huko. Kwa seti nzima ambayo chuma chake ni feki, ningefika.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipige picha leo. Karatasi yake hufifia kwa joto na mafuta, na kwenye kasha la spana vyote viwili vipo. Kisha watumie dukani picha mbili za soketi, umbo na uso wa mpasuko, pamoja na maelezo ya kazi uliyokuwa unafanya, wakujibu kabla hujapanda meli. Wakikubali, ijaribu soketi mpya kwenye racheti yako palepale kaunta, na uombe waandike nyuma ya nakala ya risiti kwamba namba 17 imebadilishwa, pamoja na tarehe na muhuri.