Panadol vidonge vingapi kwa kilo ya maharage?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimepanga geto Malimbe hapa Mwanza. Nimechoka kula kwa mama lishe kila siku, nataka nijifunze kupika mwenyewe. Nina jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 na sufuria mbili. Nimeanza na maharage kwa sababu yanashibisha, lakini yananimalizia gesi: yanakaa jikoni kwa saa tatu na bado ni magumu. Jirani ameniambia niweke panadol, eti wengi wanafanya hivyo hata kwenye nyama. Naomba kujua ni vidonge vingapi kwa kilo moja, na niweke mwanzoni au maji yakishachemka? Pia nitajie vyakula vingine rahisi kwa anayeanza.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakuna hata kidonge kimoja, iwe kwa kilo au kwa gunia, mwanzoni au mwishoni. Swali hili linanijia mara kwa mara, na linaniuma zaidi kwa namna linavyoulizwa siku hizi. Zamani mtu aliuliza kama ni kweli watu wanaweka panadol kwenye mboga. Sasa anauliza kipimo. Jambo limezoeleka hadi limeanza kuhesabiwa kuwa mapishi.

Tuanze na harage lenyewe. Ugumu wake unatokana na pektini, kitu kinachoshikanisha chembechembe za ndani, na pektini hiyo hukazwa na madini ya kalsiamu na magnesi. Ili harage liive ni lazima maji yapenye, joto lilegeze pektini, kisha wanga uvimbe. Paracetamol, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye hivyo vidonge, haina kazi katika hatua yoyote kati ya hizo. Haigusi pektini, haiondoi kalsiamu, na kwenye nyama haivunji zile nyuzi zinazokwama kwenye meno. Hushusha homa na kutuliza maumivu mwilini, basi.

Wanaoapa kwamba inalainisha hawajawahi kupika sufuria mbili za maharage ya mfuko mmoja, moja ikiwa na dawa na nyingine bila dawa, kwa moto uleule. Mtu ananunua maharage mapya ya msimu, anatumbukiza vidonge viwili, yanaiva kwa saa moja na nusu, sifa zote zinakwenda kwa panadol. Yangeiva vilevile bila hivyo vidonge. Siku akiuziwa yaliyolala ghalani mwaka mzima, yakagoma, haachi. Anaongeza cha tatu na cha nne. Hivyo ndivyo kipimo kinavyopanda, na hakuna anayekisimamia.

Na dawa ikishaingia kwenye sufuria inakwenda wapi? Haitoki na mvuke, na joto la maji yanayochemka haliiharibu. Inayeyuka vizuri kwenye maji ya moto, kwa hiyo inabaki kwenye mchuzi, na mchuzi ndio tunaowamwagia watoto juu ya wali. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge vinane, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Nikuambie ukweli ulivyo: vidonge viwili kwenye sufuria ya watu sita havitamlaza mtu mzima hospitali. Lakini mlaji hajui kama vipo. Huyu ameamka na homa, amekunywa viwili asubuhi, akaongeza dawa ya mafua ambayo nayo mara nyingi ina paracetamol ndani, mchana akala maharage kibandani, jioni akala nyama iliyopikwa kwa mtindo huohuo. Mwingine ini lake tayari ni bovu kwa homa ya ini au kwa pombe ya kila siku. Dawa hii ikizidi hushambulia ini, na siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi chochote zaidi ya kichefuchefu. Macho yanapogeuka manjano, ini limeshaumia.

Sasa maharage yako. Hukusema kama uliyaloweka, nami nachukulia kwamba hukuyaloweka. Tena kuna jambo la huku kwetu ambalo watu wengi hawalijui. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Hapa Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mpishi wa Tanga anapata 100, kwa hiyo anatutangulia kuivisha. Ukifungua gesi hadi mwisho huwezi kuyapandisha zaidi ya hapo, unayakausha tu na kumaliza mtungi. Yakishachemka, moto mdogo na mfuniko unaokaa sawasawa vinatosha.

Fanya hivi. Jioni chambua kikombe kimoja cha maharage, toa mawe na yaliyotobolewa na wadudu, osha, loweka kwenye vikombe vinne vya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Najua umeambiwa chumvi inakaza maharage. Katika kuloweka ni kinyume chake: sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, na ganda linalegea. Vinavyokaza ni vitu vichachu kama nyanya, ndimu na ukwaju. Kama ulikuwa unatia nyanya mapema ili vyote viive pamoja, hizo saa tatu zako zimeanzia hapo.

Asubuhi harage litakuwa limevimba karibu mara mbili. Chukua moja, lipasue kwa kucha. Ndani liwe na rangi moja hadi katikati. Ukiona bado kuna sehemu kavu, nyeupe kama chaki, liache saa mbili zaidi. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, na hapa usibane gesi, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili iitwayo lektini. Mchemko mkali unaiharibu, lakini harage lililopashwa moto tu bila kuchemka vizuri linaweza kukutapisha ndani ya saa chache. Baada ya hapo punguza moto, funika. Kama ni maharage ya mwaka huu, saa moja hadi saa moja na nusu yatakuwa yameiva. Ukihitaji kuongeza maji, ongeza ya moto ili sufuria isipoe. Kujua kama yameiva, chota machache kwenye kijiko uyapulizie: ganda likipasuka na kujikunja, yamekaribia. Halafu weka moja mdomoni ulibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Lisagike lote, lisibaki na punje ngumu katikati.

Kwa kuwa shida yako kubwa ni gesi, kuna njia ninayoipenda sana na haitaki kununua chochote. Maharage uliyokwisha kuloweka yachemshe kwa nguvu dakika 20, funika, zima jiko, kisha ifunge sufuria yote kwa blanketi nzito ndani ya kapu au boksi. Iache saa tatu au nne bila kufunuafunua. Joto lililomo linaendelea kuivisha. Ukirudi kutoka darasani yarudishe jikoni yachemke tena vizuri hadi yamalizikie, ndipo uyaunge: kaanga kitunguu kwenye mafuta, tia karoti, nyanya ziive hadi zipondeke, kisha maharage na chumvi. Huku Usukumani ukimalizia kwa karanga za kusaga vijiko viwili, hutatamani nyama.

Utaambiwa pia kuhusu magadi. Hayo kweli yanalainisha, kwa sababu yanapunguza uchachu na kulegeza pektini, lakini yanaharibu vitamini B1 ya maharage na yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Aliyeloweka hana haja nayo. Sufuria ya presha ndiyo kifaa halali cha kuharakisha, maana ndani yake joto hupanda hadi karibu nyuzi 120; ukijaliwa kuinunua, usiijaze maharage na maji kupita nusu, povu lisije likaziba tundu la mvuke.

Usipike ya wiki nzima kama huna friji. Kwa joto la Mwanza, maharage yaliyolala mezani yanazalisha bakteria usiku kucha, na baadhi ya sumu zao hazifi kwa kupasha moto. Pika ya siku hiyo.

Vyakula vingine kwa anayeanza? Uko kando ya ziwa, anza na samaki, maana anaiva haraka. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, chagua sato mwenye macho maangavu na mashavu mekundu kwa ndani. Mpake chumvi na ndimu, mlaze juu ya kitunguu na nyanya, kikombe kimoja cha maji, funika dakika 15. Nyama ikiwa nyeupe na kuachia mfupa, epua. Akizidi hapo anakuwa mkavu. Dagaa wakavu waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi mchanga uishe, wakaange na kitunguu, malizia na nyanya. Ugali na mboga za majani utajifunza ndani ya wiki. Nyama ngumu itake moto mdogo na muda, au ipake papai bichi lililokwanguliwa, uiache nusu saa kabla ya kupika. Papai lina kimeng'enya kinachokata protini. Linafanya kazi kweli, tena ni chakula.

Ninachotaka ukielewe, pamoja na jirani yako na kila anayepikia watu, ni kwamba panadol haiko peke yake. Kuna wanaofunika wali au ndizi kwa nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za kufungashia zimebaki na zinaishia kwenye sufuria. Hazikutengenezwa kwa joto hilo, na zikilainika juu ya chakula zinaacha kemikali zake humo. Mfuniko uliozungushiwa kitambaa safi unabana mvuke vilevile, na jani la mgomba bibi zetu walilitumia miaka yote.

Nami siongei kwa nadharia ninaposema njia ya mkato jikoni inaweza kulemaza watu. Mwaka 1985 ukame uliikumba wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Rorya ya leo, kwenye ziwa hilihili. Kilichobaki shambani kwa wengi kilikuwa muhogo mchungu. Muhogo huo unahitaji siku kadhaa za kuvundikwa na kukaushwa ili sumu yake ya asili, sianidi, itoke. Watu walikuwa na njaa, wakafupisha: wakautwanga, wakauanika, wakaula ndani ya siku moja au mbili. Sianidi ikabaki kwenye unga, na kwa kuwa hapakuwa na protini ya kutosha kwenye chakula, mwili haukuweza kuiondoa vizuri. Watu walipooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na kupooza kwake hakuna tiba. Wale walilazimishwa na njaa. Sisi tunatia dawa kwenye maharage ili kuokoa saa moja ambayo tungeipata kwa kuloweka tukiwa tumelala.

Kwa mama lishe nasema wazi: mteja wako hakukuomba dawa, na huwezi kujua nani ana mimba, nani anaumwa ini, nani ameshakunywa vidonge asubuhi. Na wewe mdogo wangu, kama kuna sufuria iliyokwisha kutiwa panadol, usijaribu kuiokoa kwa kumwaga mchuzi. Dawa imeshaingia kwenye maharage pia. Imwage yote. Ikitokea mtu amekula chakula kilichotiwa vidonge vingi, hasa mtoto, msimpe maziwa wala mkaa wa jikoni kama wanavyoshauriana watu, na msisubiri dalili. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo pamoja na pakiti ya dawa, mseme ni vidonge vingapi vilitiwa na alikula saa ngapi. Dawa ya kulinda ini ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo.