Piloti mwenye masaa mingi anagongaje mlima?

Swali: Mukubwa, niko mwanafunzi hapa Bukavu. Ndege ndogo ikianguka tunasikia tu "kosa la piloti". Mutu ana masaa mingi angani, motere inazunguka vizuri, anagongaje mlima? Haoni? Na si ana GPS?

Jibu: Mdogo wangu, ni kweli haoni, lakini kosa lenyewe limeshafanyika kitambo. Chukua njia ya Kavumu kwenda Shabunda. Kavumu, kiwanja chetu cha ndege, iko karibu mita 1,700, mlima Kahuzi uko pale magharibi na mita zake 3,308, unapandisha ili uvuke, mawingu yamekalia msitu, unaona katundu kamefunguka mbele unasema acha nipite hapo haraka, kumbe kanajifunga na wewe uko ndani, pande zote nyeupe tupu. Piloti aliyekuwa anaruka kwa macho, kwa kuangalia nje, hapo njo mwanzo wa shida.

Sababu sikio linasema bongo. Ndani yake kuna mirija mitatu yenye maji, yenyewe njo inakuambia unageuka. Ukigeuka polepole, mwendo uleule, kisha sekunde kama 20 maji yanafuatana na mirija na mwili unasikia umenyooka. Jaribu leo: kaa kwenye kiti cha biro kile cha kuzunguka, funga macho, mwenzako akuzungushe polepole bila kukatiza. Utaapa kiti kimesimama! Akikisimamisha kweli, utasikia unazunguka upande wa pili. Usijaribu ukitoka kula bugali tu.

Sasa ndani ya wingu ni vilevile: bawa limelala, mwili unasema tuko sawa, pua inashuka, mwendo unapanda, piloti anavuta usukani ili apande na kumbe anakaza tu ule mzunguko. John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais Kennedy wa Marekani, alianguka hivyo baharini mwaka 1999 karibu na Martha's Vineyard, usiku, na ukungu, wachunguzi wa Marekani hawakukuta ubovu wa mashine.

Dawa iko: macho kwenye kadrani ya orizo, ile inaonyesha kama mabawa yamenyooka ao yamelala, nyoosha mabawa, geuka polepole nyuzi 3 kwa sekunde, dakika 1 uso umeangalia ulikotoka, na mwili upige kelele yake. Inasemwa mbio kuliko inavyofanywa, njo maana mimi naona kosa liko kwenye kile katundu, au hata chini kwenye pisti. Siku moja Kavumu nilikataa kuondoka, mama mmoja mwenye magunia ya sambaza akaniuliza mbele ya watu wote, "Weye uko piloti wa jua tu?" Nikamuambia ndiyo mama, leo niko wa jua tu. Piloti akisikia maneno kama haya, na boss anampigia simu na abiria wanaguna, utaona kwa nini wengine wanaondoka.

GPS anayo, ndiyo. Inamuonyesha vizuri sana kama yuko juu ya Kahuzi, ila haimuambii kama bawa la kushoto limelala.