Gloriosamu yangu inaoza shina, nimekosea wapi?

Swali: Salaam alaykum fundi, mi niko Kisauni. Nimenunua ua la majani linaitwa filodendroni gloriosamu, shina lilikuwa limelala juu ya mchanga nikaona limeanguka, nikalizika vizuri na kijiti nikalitilia lipande. Sasa majani mawili yashakuwa manjano na jani jipya limekwama. Namwagia kila siku, maji ya kisima.

Jibu: Waalaykum salaam dadangu, pole sana. Hilo shina halikuanguka, ndo lilivyo. Kwao ni misitu ya Colombia na huko inatambaa chini, haiparamii mti kama mani planti, mizizi inashuka, majani yanasimama, shina lenyewe linabaki nje lapata hewa, sasa wewe ukilizika na kulimwagia kila siku litaoza tu manake hii si tangawizi.

Lifukue leo leo. Libonyeze na kidole gumba kuanzia mkiani, ule upande mzee wa shina, palipo pazima ni pagumu kama muhogo mbichi, palipooza panabonyea na panatoa harufu. Kata na kisu ulichokifuta kwa spiriti mpaka ndani usione ukahawia, kisha liweke kivulini siku moja kidonda kikauke. Hata ukibakiwa na kipande chenye pingili mbili na jani moja usikate tamaa, kinatosha kuanza upya.

Kupanda, fukia mizizi tu, mgongo wa shina uuone. Poti ya duara inaibana, tafuta beseni refu ulitoboe matundu, mkia uguse ukingo na kichwa kielekee kwenye nafasi manake jani jipya latokea hapo kichwani. Tia usumba wa makumbi ulioosha sana na maji matamu, vipande vya makaa na mboji kidogo. Kokoto za matumbawe usitie, zina chokaa.

Na hayo maji ya kisima acha kabisa, visima vingi huku vina chumvi na chumvi inaunguza ncha za majani. Kinga maji ya mvua, na umwagie pale tu kidole kikiingia hadi kifundo cha kwanza kikatoka kikavu. Weka barazani penye mwanga bila jua kali, na mbali na paka, utomvu wake unawasha mdomo.

Majani yale ni mahameli, usiyapake mafuta yang'are, vumbi litoe na brashi laini. Hilo lililokwama nakuomba usilifungue na kucha, likiwa bado limejisokota hivyo linachanika kirahisi na kovu halitoki tena.