Maswali ya Wasomaji: Umri wa nyumba husomwa kwenye boriti

SWALI: Ndugu wahariri, naishi Lowell, Massachusetts. Nimetembelea nyumba ya ukoo wa Fairbanks pale Dedham, tukaambiwa ndiyo kongwe kuliko nyumba zote za fremu ya mbao zilizobaki Amerika Kaskazini. Umri wake wameujuaje? Na mbao zimekaaje karibu miaka 400 bila kuoza?

JIBU: Jonathan Fairbanks alitoka Yorkshire, Uingereza, akafika Boston mwaka 1633 na mkewe Grace na watoto wao sita. Mji wa Dedham ulianzishwa mwaka 1636, na boriti za nyumba zilipopimwa, zilionekana ni za miti iliyokatwa kati ya 1637 na 1641.

Katika nchi zenye majira ya baridi, mwaloni huongeza kila mwaka pete moja, yaani duara linaloonekana shina likikatwa. Mwaka wa neema pete huwa pana, mwaka wa ukame huwa nyembamba. Mpimaji hutoboa boriti kwa keekee yenye uwazi katikati, akatoa kijiti cha unene wa milimita 10 hivi. Hukisugua kwa msasa laini mpaka pete zote zionekane, akapima upana wa kila moja kwa hadubini, kisha akalinganisha mfuatano huo na wa miti ya eneo hilohilo ambayo miaka yake inajulikana. Pete zikiwa chini ya 50, jibu haliaminiki. Boriti moja pia haitoshi, kwa sababu huenda ilitolewa kwenye jengo la zamani zaidi. Ndiyo maana huchukuliwa sampuli nane au kumi.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni randa. Seremala akiondoa tabaka la nje, pete za mwisho zimekwenda, na utabaki kusema tu kwamba mti ulikatwa baada ya mwaka fulani. Kwa hiyo hutafutwa kona ambayo bado ina alama ya gome. Pete iliyo chini ya gome ndiyo mwaka wa kukatwa, na ujenzi haukuchelewa sana baada ya hapo: mwaloni ukikauka ni mgumu mno, hivyo mafundi wa wakati ule waliuchonga mbichi, wakaingiza ndimi, yaani ncha za boriti zilizochongwa nyembamba, kwenye matundu ya boriti nyingine na kuzikaza kwa vigingi vya mbao.

Kuhusu kuoza, kuvu hahitaji miaka, anahitaji maji. Mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu, haiozi. Paa la Fairbanks lina mteremko mkali, mbao za ukuta zinapandiana kama magamba ya samaki, na fremu imeinuliwa juu ya msingi wa mawe. Tena vizazi vinane vya ukoo huo viliishi humo hadi 1904, na nyumba yenye mtu, paa likivuja hujulikana siku hiyohiyo.

SWALI: Nyumba ya babu yetu Pangani ni ya mawe na chokaa, na ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta. Tufanyeje? Na umri wake unaweza kupimwa kwa njia ya pete?

JIBU: Kwa pete, msitegemee, miti mingi ya ukanda wetu haina pete za mwaka zilizo wazi. Tafuteni hati.

Boriti zinaokoleka. Zibeni kwanza uvujaji wa paa, kisha angalieni lipu. Ikiwa mtu aliwahi kupiga saruji juu ya chokaa, hapo ndipo penye tatizo: saruji inafungia unyevu na chumvi ukutani, na ncha ya boriti inabaki imelowa. Ibanduweni taratibu kwa patasi, acheni ukuta ukauke kabisa, ndipo mpige lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa iliyorojwa kwa sehemu tatu za mchanga uliooshwa chumvi. Ifunikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa; ikikaushwa na jua kali itapasuka na kubanduka.

Boriti iliyooza ncha tu msiitupe. Egemezeni dari kwa nguzo, kateni mpaka mfike mbao ngumu, muunge kipande cha mti wa aina ileile, na mwache nafasi ya sentimita mbili kuzunguka ncha ili ipate hewa. Msizibe nafasi hiyo kwa saruji.