Ukisimamishwa na polisi Ohio ukiwa na bastola: jibu kwa mpwa wangu

Mpwa wangu, marahaba. Umeniuliza, na mama yako naye akakazia kwenye simu, kama ni kweli kwamba huku Ohio mtu aliyebeba bastola kwa kificho analazimika kumweleza polisi anaposimamishwa barabarani, na kama kusema hivyo si ndiko kunakomfanya apigwe risasi. Kwa kuwa kadi yako ya ukaazi imetoka na unakuja kuishi nasi Columbus, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nilipochukua leseni yangu ya kubeba bastola kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, baada ya mafunzo ya saa 8, sheria ilinitaka nimwambie askari mara moja, kabla hajaniuliza. Tangu tarehe 13 Juni 2022 mambo yamebadilika: mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha, anaweza kubeba bastola kwa kificho bila leseni, na wajibu wa kusema umebaki pale tu askari anapouliza. Asipouliza, kunyamaza si kosa. Akiuliza nawe ukaficha, umevunja sheria.

Mengine hayakulegezwa, na ndiyo yanayoweza kumponza mtu wa kwetu. Sheria inakutaka ubaki ndani ya gari, mikono yako ionekane wakati wote, usiiguse bastola yenye risasi isipokuwa askari mwenyewe amekuelekeza, na utii kila amri halali. Nawe umejifunza udereva Morogoro, ambako trafiki akikusimamisha unashuka, unamfuata afande ukiwa na leseni mkononi, mnasalimiana, kwa sababu kubaki umekaa huweza kuonekana kiburi. Adabu hiyo hiyo huku inasomwa kama shari. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1977 kwamba askari anaweza kumwamuru dereva ashuke. Basi subiri uamriwe. Wala usianze kupekua dashibodi kutafuta bima kabla hajafika dirishani, kwa maana yeye anachokiona kutoka nyuma ni bega linalocheza, na hajui unatafuta nini.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kila jimbo lina sheria yake. Kutoka hapa hadi Detroit ni mwendo wa saa tatu hivi, na ukishaipita Toledo unaingia Michigan bila kukutana na kizuizi wala askari wa mpakani. Leseni yangu ya Ohio inatambuliwa kule, lakini ruhusa ya kubeba bila leseni imeishia mpakani, na tena ni lazima umwambie askari mara anapokusimamisha, aulize asiulize. Sheria ya kule inataja faini ya dola 500 kwa kosa la kwanza. Kwa hiyo ukimya ulio halali asubuhi unaweza kuwa kosa mchana wa siku hiyo hiyo, ukiwa kwenye barabara ile ile.

Sasa nije kwenye hofu ya mama yako, ambayo si ya bure. Tarehe 6 Julai 2016, katika mji wa Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi aliyefanya kazi kwenye mkahawa wa shule na aliyekuwa na kibali cha bastola, alisimamishwa na polisi. Alimwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha, ingawa sheria ya Minnesota inamlazimu mtu kusema pale tu anapoulizwa. Muda mfupi baadaye askari alimfyatulia risasi saba na kumuua, na binti wa mpenzi wake Castile, mtoto wa miaka minne, alikuwa kiti cha nyuma. Mwaka 2017 baraza la mahakama, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, lilimwachia huru askari huyo. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba ukitimiza wajibu wako utakuwa salama. Vifungu nilivyofundishwa vinaeleza kwa urefu mwenye silaha aseme nini na aweke wapi mikono yake. Namna askari anavyopaswa kulipokea neno hilo sikuiona humo, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwetu sisi wahamiaji kuna uzito mwingine. Wenye visa za muda, kama za masomo, kwa kawaida hawaruhusiwi hata kumiliki bunduki. Wewe utakuwa mkaazi wa kudumu, hivyo unaruhusiwa, lakini hukumu ya kosa la silaha, ambayo kwa raia inaweza kuishia kwenye faini, kwako inaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini.

Mama yako aliuliza pia kama mimi ninatembea nayo. Ninayo, imefungiwa katika sanduku la chuma chumbani, na tangu binti yangu aanze kupanda gari langu kwenda shule sijaibeba tena barabarani. Ukifika, tutaanza na leseni ya udereva. Nitakaa kiti cha abiria, nitajifanya askari, nawe utajizoeza kuzima injini, kushusha kioo, kuwasha taa ya ndani kama ni usiku, na kuacha mikono juu ya usukani hadi nitakapokuambia utoe leseni.